Kabla ya kuomba PhD Wisconsin, anza na vilivyo mikononi mwa wengine

Fomu yenyewe utaijaza kwa jioni mbili. Kinachokwamisha watu ni vitu vilivyo mikononi mwa wengine: barua ya profesa, transkripti iliyolala kwa msajili, jina lililokosewa kwenye cheti. Idara nyingi za Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, hufunga maombi ya PhD Desemba kwa masomo ya Septemba inayofuata. Kwa hiyo vitu hivyo vianze kufuatiliwa Julai, Agosti ikizidi.

Jina litangulie. Kama vyeti vina majina mawili na pasipoti ina matatu, au uliolewa ukabadili, tafuta hati ya kiapo mapema na ujaze fomu kwa jina la pasipoti.

Transkripti ina mtego wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima GPA, yaani wastani wa alama zako, kwa 5, Wisconsin kwa 4, na kiwango chao cha chini ni 3.0. Usijifanyie hesabu ya kugeuza, andika kama ilivyo kwenye transkripti. Muhimu zaidi, hakikisha ufafanuzi wa madaraja, ambao mara nyingi uko nyuma ya karatasi, nao umeskaniwa. Kwetu 70 ni A, na aliyeisotea anajua uzito wake. Kwa Mmarekani asiyeona ufafanuzi huo, 70 ni C.

Sasa barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida ni tatu. Mwombe mwalimu wiki nane kabla, na umpelekee kila kitu kwa mkupuo mmoja: wasifu wako, rasimu ya maelezo ya dhamira (statement of purpose), kozi alizokufundisha na mwaka, mada ya tasnifu aliyokusimamia, na tarehe ya mwisho. Hapo atakuwa na la kuandika zaidi ya "ni kijana mwenye nidhamu", sentensi ambayo kamati imeiona mara elfu. Wapo watakaokujibu, "Andika mwenyewe nisaini." Shukuru, kisha mpe badala yake ukurasa mmoja wa mambo uliyoyafanya chini yake. Barua tatu zenye mkono mmoja hujulikana. Mwombe pia atumie barua pepe ya chuo, na umkumbushe kuangalia kwenye spamu, maana kiungo cha kupakia barua hupenda kujificha huko.

Waliozoea utaratibu wa nyumbani huanza kwa kusaka msimamizi na kuandika andiko dhana. Wisconsin maombi husomwa na idara, nayo ndiyo humpendekeza mtu kwa Shule ya Uzamili. Kwenye sayansi za maabara kumwandikia profesa mapema kunasaidia sana. Kwenye fani za jamii na lugha, mwandikie kwa ufupi umuulize kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Usimwite "Dear Sir" ikiwa ni mwanamke, tafadhali.

Pesa nazo. PhD nyingi huko huja na msamaha wa ada ya masomo na posho ya kujikimu, ukifundisha au ukisaidia utafiti, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1. Posho hiyo si boom, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, hairudishwi. Wisconsin hufundisha Kiswahili, kwa hiyo kama umewahi kukifundisha, hata tuisheni kwa wageni, kiweke kwenye wasifu. Ada ya maombi hairudishwi, basi kama unataka kusamehewa, uliza kabla ya kulipa. Matokeo ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2 tu, nao usiulipie kabla idara haijakuthibitishia kuwa inautaka. Fuatilia pia matangazo ya viza kwa nchi yako. Raia wa Burundi waliwekewa zuio Juni 2025 lililogusa hata viza za wanafunzi.

Halafu saa. Tangazo likisema 11:59 usiku, hiyo ni saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Wisconsin. Desemba, Dar es Salaam na Nairobi itakuwa saa tatu kasoro dakika moja asubuhi ya siku inayofuata. Tuma siku tatu kabla hata hivyo. Umeme na mtandao wa kwetu unavijua.