Kutengeneza orodha ya supanova angavu na galaksi zake, hatua kwa hatua

Supanova ni nyota inayolipuka, na kuziorodhesha pamoja na galaksi zilimolipuka hakuhitaji darubini. Kazi hii inahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti hata kama inakuja na kuondoka, na subira ya kukagua picha moja baada ya nyingine. Data zenyewe ziko wazi kwa kila mtu. Anayeifanya kazi vizuri akiwa chumbani kwake Kasapa au Katuba anapata jibu lile lile analopata mtu wa Marekani au Ufaransa. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa fizikia na wapenzi wa anga wa Lubumbashi, maana nawajua wengi wenye akili ya kazi hii wanaodhani si yao. Ni yao.

Sehemu ya galaksi nimeifanya ndefu kuliko nyingine kwa makusudi. Hapo ndipo orodha nyingi zinapoharibika.

Hatua ya 1: Weka mpaka

Amua supanova "angavu" ni ipi, na usiubadilishe mpaka huo katikati ya kazi. Mimi natumia magnitudo 17 (magnitudo ni kipimo cha mwanga unavyoonekana kwetu) kwenye kilele, yaani inapong'aa kuliko wakati wowote. Kumbuka kwamba namba ikiwa ndogo mwanga ni mkali zaidi, na tofauti ya magnitudo 5 ni sawa na mwanga kuzidi mara 100.

Kwa nini 17? Msako wa ASAS-SN unaendeshwa kwa lenzi za sentimita 14 tu, zilizowekwa Hawaii, Texas, Chile na Sutherland kule Afrika Kusini, na zinapekua anga lote linaloonekana usiku, tena na tena. Msako wa ATLAS nao una darubini za nusu mita, moja ikiwa hapo hapo Sutherland. Supanova inayofika 17 ni vigumu ikwepe macho yote hayo. Zamani watafutaji walielekeza darubini zao kwenye galaksi kubwa zenye majina, kwa hiyo supanova za galaksi vibete, yaani ndogo na hafifu, zilipita bila kuonekana na orodha zikapinda upande mmoja. Misako inayopiga picha kila mahali ndiyo iliyoanza kurekebisha upungufu huo, na orodha yako isiurudishe kwa uvivu.

Hatua ya 2: Pakua majina

Nenda kwenye TNS (Transient Name Server), rejista rasmi ya Muungano wa Kimataifa wa Astronomia tangu tarehe 1 Januari 2016. Kila kitu kipya kinachowaka angani kinapewa jina hapo. Kikiwa bado hakijathibitishwa kinaanza na AT. Kikishapimwa spektra, yaani mwanga wake ukitawanywa kwa rangi, na kuonekana ni supanova, kinakuwa SN, kwa mfano SN 2023ixf. Kwenye fomu ya kutafutia, chagua miaka unayoitaka na vitu vyenye aina iliyothibitishwa, kisha pakua faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu.

Usichuje kwa magnitudo ya ugunduzi ukiweka mpaka wa 17. Magnitudo ya ugunduzi si ya kilele. SN 2023ixf iligunduliwa na Koichi Itagaki wa Japani tarehe 19 Mei 2023 ikiwa na magnitudo 14.9, na ndani ya siku chache ikafika karibu 11, yaani ilizidi kung'aa takriban mara 40. Supanova iliyogunduliwa ikiwa 18.5 inaweza kabisa kupanda hadi 16. Kwa hiyo chukua zote zilizogunduliwa hadi 20, mpaka wako utafanya kazi kwenye hatua ya 4.

Ndani ya faili utakuta pia nyota za galaksi yetu zinazolipuka kidogo kidogo, viini vya galaksi vinavyochemka, na nyota zilizoraruliwa na mashimo meusi. Ziondoe. Zile za AT zilizokuwa angavu lakini hazikupimwa spektra, ziweke kwenye faili ya pembeni bila kuzifuta.

Hatua ya 3: Fungua faili bila kuiharibu

Hili linatuhusu sisi wa Kongo hasa. Kompyuta zetu nyingi zimepangwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hutenga desimali kwa mkato. TNS hutumia nukta. Ukibofya faili mara mbili ikafunguka kwenye programu ya majedwali, namba nyingine zinageuka maandishi na nyingine zinaweza kugeuka tarehe: magnitudo 12.05 inaonekana kama tarehe 12 mwezi wa tano. Ukihifadhi hapo, namba ya mwanzo imepotea. Ingiza faili kupitia menyu ya kuleta data, ukichagua lugha ya Kiingereza kwa namba, au ifungue moja kwa moja kwenye TOPCAT. TOPCAT ni programu ya bure, haitaki intaneti ikishawekwa, na inalinganisha majedwali mawili ya anga kwa haraka hata kwenye kompyuta dhaifu.

Saa za TNS ni za UT, saa ya kimataifa ya Greenwich. Lubumbashi iko mbele kwa saa 2, kwa hiyo kitu kilichogunduliwa saa 23:00 UT kwetu kilikuwa tayari siku ya pili. Acha tarehe ya UT ilivyo.

Sasa geuza majiranukta kuwa digrii. Yako mawili: alfa, nafasi ya mashariki-magharibi angani, na delta, ya kaskazini-kusini. Alfa hupimwa kwa saa, na saa 1 ni digrii 15. Delta iko kwa digrii tayari, lakini kwa vitu vya kusini angalia alama ya kutoa. SN 2024ggi, iliyogunduliwa na ATLAS tarehe 11 Aprili 2024 kwenye galaksi NGC 3621, ina delta ya −32:50:15. Hiyo ni −32.8375. Anayejumlisha dakika bila kuangalia alama anapata −31.16 na kujikuta zaidi ya digrii moja na nusu mbali na galaksi. Zenye delta ya −00 ni hatari zaidi, maana kompyuta huifuta alama ya kutoa kwenye sifuri bila kusema neno.

Hatua ya 4: Tafuta kilele

Kwa kila supanova chukua mkondo wa mwanga, yaani vipimo vyake siku hadi siku. Seva ya ATLAS inakupa vipimo vya sehemu yoyote ya anga ukiisha kujiandikisha. ALeRCE ya Chile inaonyesha vya ZTF, msako mwingine wa anga ulioko California, ndani ya kivinjari. Sky Patrol ya ASAS-SN inasaidia kwa zile kali kabisa. Chora vipimo vya siku kadhaa kabla na baada ya kilele, pitisha paraboli (mkunjo laini) juu yake, soma namba ya kilele.

Andika pembeni ya namba kichujio cha darubini, yaani kioo kinachopitisha rangi fulani tu ya mwanga. Magnitudo 16.9 kwenye kichujio cha rangi ya chungwa cha ATLAS si sawa na 16.9 kwenye g ya ZTF. Kama supanova ilikuwa nyuma ya Jua wakati wa kilele, andika kipimo kikali kuliko vyote ulichonacho na uweke alama kwamba kilele chenyewe hakikuonekana. Usikibuni.

Hatua ya 5: Tafuta galaksi mwenyeji

Chukua SN 2023ixf tena. Iko alfa 14:03:38.56, delta +54:18:41.9. Ukiiambia TOPCAT itafute kitu cha karibu kwenye NGC, orodha ya zamani ya galaksi na mawingu ya anga, ndani ya sekunde 60 za tao (digrii 1 ina dakika 60 za tao, na dakika 1 ina sekunde 60), itakujibu kwa uhakika: NGC 5461. Jibu hilo si sahihi, na kompyuta haina njia ya kulijua hilo. NGC 5461 ni wingu la hidrojeni linalong'aa ndani ya mkono wa galaksi kubwa M101. Lilipewa namba yake zamani, kwa sababu kwenye darubini za enzi hizo lilionekana kama kitu kinachojitegemea. Liko takriban nusu dakika ya tao kutoka kwenye supanova, wakati kitovu cha M101 kiko mbali zaidi ya dakika 4. Galaksi ya kweli imeshindwa na wingu lake yenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kompyuta inapendekeza, jicho linaamua. Fungua Aladin Lite, mtambo wa picha za anga wa Strasbourg, andika majiranukta na tazama. Kwa vitu vya kaskazini mwa delta −30 tumia picha za Pan-STARRS. Kusini zaidi hazifiki, na kusini ndiyo anga letu, kwa hiyo tumia Legacy Surveys zinapopatikana, au SkyMapper. Vuta nyuma hadi uone dakika 20 za tao, kisha sogea karibu. Ukianza karibu, galaksi kubwa kama M101 inakupita, kwa kuwa unakuwa umesimama ndani yake.

Ukiona galaksi mbili au tatu zinazogombea supanova moja, usipime umbali mtupu. Pima umbali ukilinganisha na ukubwa wa kila galaksi kuelekea upande wa supanova. HyperLeda, hifadhidata ya galaksi, inakupa kipenyo, ubapa na mwelekeo wa duaradufu ya galaksi. Gawanya umbali kwa nusu-kipenyo cha upande huo, na galaksi yenye namba ndogo ndiyo mgombea wa kwanza. M101 ina nusu-kipenyo cha dakika 14 hivi, kwa hiyo supanova iliyo dakika 4.4 kutoka kitovuni imo ndani kabisa. Kisha linganisha mhamo mwekundu, ule unaoandikwa kwa herufi z na unaokua kadiri kitu kilivyo mbali. Ikiwa spektra ya supanova inasema z ni 0.03 na galaksi nzuri iliyo jirani ina 0.008, galaksi hiyo imesimama mbele tu. Mwenyeji yuko nyuma.

Na mara nyingine utakachoona ni doa hafifu lisilo na jina, au huoni kitu. Hapo vishawishi ni vikubwa, kwa sababu dakika 2 pembeni kuna galaksi ya NGC yenye umbo zuri. Usimpe huyo mtoto asiye wake. Doa hafifu ni jibu kamili: liandike kwa majiranukta yake na jina la orodha ya picha ulikoliona. Vibete hivyo ndivyo vinavyotuambia nyota hulipuka vipi mahali penye metali kidogo (elementi nzito kuliko heliamu), na ndivyo vilivyokosekana kwenye orodha za zamani.

Galaksi moja ina majina mengi. M101 ni NGC 5457, ni UGC 8981, ni PGC 50063. Chagua mfumo mmoja kwa safu kuu, mengine yakae kwenye safu ya pili. NED, hifadhidata ya NASA ya galaksi, itakupa yote. Pia angalia nafasi ya supanova ilitoka kwa nani: pikseli moja ya ASAS-SN ni sekunde 8 za tao, kwa hiyo kwa kitu kilicho karibu na kitovu cha galaksi tafuta nafasi ya ZTF au ATLAS kabla ya kusema iko kitovuni.

Hatua ya 6: Pima utengano na umbali

Toa alfa kwa alfa, zidisha kwa kosini ya delta. Kwa SN 2023ixf na kitovu cha M101 (14:03:12.54, +54:20:56.2), tofauti ya alfa ni sekunde 26.02 za saa, ambazo ni 390.3 za tao. Zidisha kwa 0.583 upate 227.6. Tofauti ya delta ni 134.3. Kwa Pythagoras: 264. Ukisahau kosini unapata 413, na supanova yako imesogezwa nje kwa zaidi ya nusu ya umbali wake halisi.

Ili kupata umbali halisi ndani ya galaksi, zidisha sekunde za tao kwa umbali wa galaksi na ugawe kwa 206265. M101 iko karibu megaparseki 6.8 (megaparseki ni parseki milioni moja, na parseki moja ni miaka ya nuru 3.26), hivyo supanova ililipuka parseki 8,700 kutoka kitovuni, kwa mtazamo wetu. Umbali wa galaksi unaweza kuupata kwa kuzidisha z na kasi ya nuru, kisha kugawa kwa 70 (kasi ya kupanuka kwa ulimwengu, kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki), lakini si kwa galaksi za jirani. M101 inatukimbia kwa kilomita 241 tu kwa sekunde, na hesabu hiyo ingekupa megaparseki 3.4, nusu ya ukweli. Mwendo binafsi wa galaksi, ambao hufika mamia ya kilomita kwa sekunde, unaimeza hesabu. Chini ya z ya 0.01 tumia umbali uliopimwa kwa nyota za Cepheid, ambazo mapigo ya mwanga wake hufichua umbali, au njia nyingine ya moja kwa moja, nao umo NED.

Safu ya z iwe na jirani yake inayosema z imetoka wapi: kwenye galaksi au kwenye supanova. Ya galaksi ni sahihi zaidi, kwa kuwa mistari ya supanova ni mipana mno.

Hatua ya 7: Weka daraja la uhakika, kisha kagua jumla

Kila galaksi ipewe daraja. A ni pale z ya galaksi na ya supanova zinapokubaliana, B ni pale nafasi peke yake inaposema, na C ni pale kuna wagombea wawili. Katika safu ya maoni andika sentensi moja ya sababu. Kila ukibadilisha kitu, hifadhi faili mpya yenye tarehe kwenye jina na uache ya zamani.

Mwisho hesabu aina. Katika orodha yenye mpaka wa mwanga, aina ya Ia (mlipuko wa kibete cheupe, mabaki ya nyota iliyozimika) inapaswa kuwa karibu robo tatu ya zote. Supanova ya Ia ina magnitudo halisi (ambayo ingeonekana ikiwa parseki 10 kutoka kwetu) ya karibu −19.3, kwa hiyo inafika 17 hata ikiwa megaparseki 180 mbali, wakati aina ya II ya kawaida, yaani nyota kubwa iliyoporomoka, inaishia karibu 60. Mara tatu ya umbali ni karibu mara 30 ya ujazo wa anga, na hivyo Ia zinatawala ingawa kwa kweli nyota kubwa ndizo zinazolipuka mara nyingi zaidi. Ukikuta Ia ni nusu tu, rudi hatua ya 2 uangalie kichujio cha fomu, kisha hatua ya 4: mara nyingi ni supanova hafifu zilizoingia kwa magnitudo za kichujio tofauti.