Kushona upya kitabu cha utotoni bila kukiharibu

Mimi ni fundi cherehani, Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Vitabu nilivianza kwa kubahatisha. Mteja mmoja, baba wa miaka hamsini na kitu, aliniletea suruali ya kupunguza kiuno. Chini ya suruali, kwenye mfuko uleule, kulikuwa na kitabu cha hadithi kilichoachana kurasa. Akakitoa taratibu kama mtu aliyebeba kifaranga, akauliza kwa aibu: "Fundi, na hiki kinashoneka?" Kinashoneka. Na chako pia, hapo nyumbani, bila mashine yoyote.

Kabla hujashika sindano, kaa nacho kwanza. Kipekue ukurasa kwa ukurasa, kipige picha kwa simu ili ujue kila karatasi ilikaa wapi. Usifute kitu. Hapa ndipo ninapobishana na watu kila mara. Mtu anakuja na kitabu chake cha darasa la tatu, anataka kirudi kipya. Kipya kinauzwa dukani! Hadithi yenyewe unaijua kwa kichwa, ungeweza kuisimulia bila kitabu. Ulichokihifadhi miaka yote ni doa la chai, jina la mtu aliyekuazima, hesabu za kujumlisha nyuma ya jalada.

Changu mimi kina nusu ya dole gumba la masizi, pembeni mwa picha ya fisi. Ni la dada yangu. Tulikuwa tunasomea koroboi: yeye kazi yake kupandisha utambi, mimi kusoma kwa sauti. Kitabu cha hadithi nyumbani kilikuwa hicho hicho kimoja, tukakisoma hadi nikawa nageuza ukurasa kabla macho hayajafika chini. Kurasa nne za mwisho hatukuzikuta. Dada akatunga mwisho wake. Fisi anaona taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku, anadhani mwezi umedondoka majini, anajificha ndani ya mtumbwi ili akaule. Anashushwa kisiwani Ukerewe. Kuogelea hajui, nauli hana, yuko huko mpaka leo. Nilipokuwa mtu mzima nikakipata kitabu kilekile kizima kwa jirani, nikasoma mwisho wenyewe. Fisi anaomba msamaha. Nikakifunga, nikamrudishia mwenyewe.

Kwa nini nusu ya dole? Kwa sababu kabla sijajua kazi hii nilikipeleka kwenye steshenari moja mjini, nikasema tu "nifungieni vizuri". Wakakipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi ili kingo zinyooke, wakatia waya wa plastiki. Nusu ya dole la dada ikaenda na vipande vya takataka. Kwa hiyo, yeyote utakayempa kitabu chako, mwambie mapema: kingo zisikatwe.

Twende kwenye kazi.

Vitabu vingi vya watoto ni vyembamba: karatasi zimekunjwa katikati, zikapachikwa moja ndani ya nyingine, zikabanwa na pini mbili za stepla. Adui wa kwanza ni hizo pini. Unyevu wa huku ziwani unazitia kutu, na kutu inakula karatasi kuanzia kwenye mkunjo. Fungua kitabu katikati, nyanyua miguu ya pini kwa ncha ya kisu cha mezani, kisha geuza uzitoe kwa nje. Usivute kwa nguvu. Pini iliyoliwa na kutu hukatikia ndani. Ukishazitoa, pitisha brashi laini na kavu kwenye kila mkunjo. Mchanga, mabawa ya wadudu, makombo ya andazi la mwaka sijui gani, yote yatoke.

Ukiona vijitundu au wadudu wanatembea, usipulize dawa ya mbu. Kifunge kitabu ndani ya plastiki mbili zisizopitisha hewa, kiingize kwenye friza inayogandisha kwelikweli, wiki mbili. Mwanza friza hazikosekani, mimi najihifadhia kwa mama mmoja muuza sangara, na kila akimfungulia mteja anamwambia, "Hicho siuzi, hicho ni kitabu." Ukikitoa, kiache ndani ya plastiki yake siku nzima mpaka baridi iishe. Ukiharakisha, hewa ya nje inageuka maji juu ya karatasi, na hapo umejiletea ukungu kwa mkono wako.

Sasa gundi. Selotepu acha. Miaka michache tu inakuwa ya njano, plastiki inabanduka yenyewe na ule utomvu wake unabaki ndani ya karatasi, haufutiki. Supaglu ndiyo kabisa, inakauka kama kioo na karatasi inavunjikia hapo. Pika gundi ya unga. Kijiko kimoja cha unga wa ngano, vijiko vitano vya maji. Koroga kwanza kwa maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo, usiache kukoroga. Itakuwa nzito na ule weupe wa unga mbichi utapungua. Ipua, ipoe, ichuje kwa chujio la chai. Iwe kama mtindi. Ikizidi uzito, ongeza maji kidogo. Bila friji haimalizi siku tatu, ikichacha mwaga. Uzuri wake ni kwamba ukikosea, unalowesha kidogo na kuibandua. Supaglu haikupi nafasi hiyo.

Karatasi ya kiraka iwe nyembamba na nyeupe. Ile laini inayofungiwa viatu vipya ndani ya boksi inafaa, mradi isiwe na rangi, maana rangi huchuja. Usiikate kwa mkasi. Chora mstari wa maji kwa brashi, halafu ichane hapo taratibu. Kingo zenye nyuzinyuzi hushika vizuri na hazionekani sana. Kingo ya mkasi huacha alama kama kiraka cha gunia kwenye gauni. Kipande chembamba, upana wa kidole kidogo, unakipaka gundi na kukilaza juu ya mkunjo uliochanika, kwa upande wa nje. Weka plastiki ya mkate chini na juu, kisha uzito.

Kuhusu uzito, mji wetu umejengwa juu ya majabali, usiniulize utapata wapi jiwe. Langu nililiokota mlimani, nimelivisha kipande cha kitenge lisichubue. Na hapa kuwa na subira. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika hadithi yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945, na kitabu hakikutoka mpaka 1980, kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe. Miaka 35. Wewe unashindwa kuiachia gundi usiku mmoja?

Asubuhi, pachika karatasi zote kwa mpangilio wake, gonga mgongo juu ya meza zikae sawa, bana kwa vibanio vya nguo ukiweka kadibodi katikati zisiachwe alama. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine karibu na ncha, kama sentimita tatu kutoka ukingoni. Usitumie matundu ya pini, yamechoka.

Uzi uwe wa pamba. Watu wa huku wote wananiletea uzi wa nyavu, eti ule haukatiki. Ni kweli haukatiki, unakata. Nailoni haina huruma na karatasi, kila ukifungua kitabu inapasua kama msumeno. Chukua wa pamba, urefu mara mbili na nusu ya kitabu, uburuze juu ya nta ya nyuki mara mbili.

Anza ndani, tundu la katikati, tokea nje na uache mkia kama kidole. Panda juu kwa nje, ingia tundu la juu. Sasa uko ndani: shuka moja kwa moja, ruka la katikati, tokea tundu la chini. Panda kwa nje, rudi ndani kwa la katikati, ukiangalia sindano isichome uzi uliokwishapita. Mikia miwili ikae huku na huku ya uzi mrefu, vuta kwa kuufuata mkunjo, usivute kuja juu, funga fundo mara mbili. Basi. Kushona penyewe hakumalizi dakika kumi.

Kitabu kinene kilichogundishwa mgongo ni habari nyingine. Hicho mletee fundi.

Kurasa zilizopotea, kama umezipata kwa mtu, toa kopi uziweke kwenye bahasha pembeni. Usizishone ndani. Jalada la ziada la kitambaa ni sawa, lakini liwe la kuvua.

Kukihifadhi: kisikae sakafuni wala kugusa ukuta wa nje, na lile sanduku la bati chini ya kitanda ni jiko la ukungu. Changu kiko kwenye boksi la shati, rafu ya juu, pamoja na vitenge. Zile kurasa nne ziko kwenye bahasha chini yake. Binti wa dada akija huomba kitabu. Bahasha hajawahi kuiulizia.