Somo: Kipimo cha HLA-B27 na maumivu ya mgongo yanayorithiwa

Jeni ya HLA-B27 ilihusishwa na baridi yabisi ya uti wa mgongo mwaka 1973. Kwa Wazungu, wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 wanayo. Kwetu jeni hii ni adimu, kwa hiyo usianzie maabara.

Hatua ya 1. Chunguza maumivu yenyewe. Yalianza polepole kabla ya miaka 45, yamezidi miezi 3? Mgongo unakakamaa asubuhi, unalegea ukitembea? Maumivu ya matako, mara kushoto mara kulia, yanayokuamsha kuelekea alfajiri, ni dalili nzito. Mgongo uliochoshwa na mizigo au foleni ya Thika Road kwa kawaida hutulia ukilala, wenye ugonjwa huu huzidi.

Hatua ya 2. Uliza ukoo, tena usiulizie migongo tu. Ulizia jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga, soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye magamba), kuhara damu kwa muda mrefu.

Hatua ya 3. Ondoa magonjwa yanayofanana nao: TB ya uti wa mgongo, na brusela kwa wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa. Pima HIV pia.

Hatua ya 4. Sasa damu. Huhitaji kufunga kula, na kipimo ni cha mara moja maishani. Uliza maabara inatumia njia gani: ile ya kingamwili huweza kuichanganya B27 na B7, aina nyingine inayofanana nayo, hivyo majibu yenye shaka yathibitishwe kwa PCR, njia inayosoma jeni yenyewe.

Hatua ya 5. Picha. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: mtu anapigwa MRI ya kiuno, na viungo vinavyounganisha uti wa mgongo na nyonga (sakroiliaki) havionekani vizuri. Hakikisha fomu imeandikwa viungo vya sakroiliaki, pamoja na picha za STIR, aina ya picha za MRI zinazoonyesha uvimbe ndani ya mfupa. Eksirei huweza kuwa safi kwa miaka huku ugonjwa ukiendelea.

MASWALI

Daktari, nina B27 lakini siumwi. Nianze dawa?
Hapana, ndugu. Wengi wenye jeni hii hawaugui kamwe, wala hakuna dawa ya kuzuia. Usivute sigara. Jicho likiwa jekundu na kuuma, muone daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Mwanangu je?
Mara nyingi uwezekano wa kurithi jeni ni nusu kwa nusu; kurithi ugonjwa ni mdogo zaidi. Mtoto asiyeumwa asipimwe.

Sina B27, nikaambiwa basi si ugonjwa huu.
Dada, rudi na picha. Kuna jeni nyingine, kama ERAP1 na IL23R, na Waafrika wengi wenye ugonjwa huu hawana B27. Viungo vikionyesha uvimbe na dalili ni zile za hatua ya 1, jibu hasi halifuti chochote.

Nimeandikiwa sindano za kuzuia TNF, protini inayochochea uvimbe mwilini.
Pimwa kwanza TB iliyojificha, pamoja na homa ya ini aina ya B. Sindano hizo huweza kuziamsha zote mbili.