Seva ya tahadhari kwenye kona za Kitonga

Seva hii ni kompyuta inayowaonya madereva kwa redio kuhusu magari wasiyoyaona kwenye kona za Kitonga, mlima wa barabara kuu mkoani Iringa. Lori la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Onyo likichelewa milisekunde 100 (sehemu ya kumi ya sekunde), lori limeshasogea zaidi ya mita 2. Basi seva isikae Dar es Salaam, ifunge kwenye mnara wa antena palepale Kitonga: faiba yenyewe, waya wa kioo unaobeba data, hula milisekunde 1 tu kwa kilomita 200, kinachochelewesha hasa ni foleni ya data kwenye ruta, vifaa vinavyoielekeza njiani.

Redio ya gigahezi 5.9, inayopeleka onyo kwa magari, haipindi kona, mwamba unaizima. Pita kwa miguu kwanza uone mwamba unaziba wapi. Antena iwe upande wa nje wa kona, pale ungeweka kioo, ione magari ya pande zote mbili.

Umeme: mzigo wa wati 60 kwa saa 10 ni wati-saa 600, yaani nusu ya betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100. Betri ya asidi usiikamue zaidi ya hapo, itakufa mapema.