Namna ya Kuhakiki Hadithi ya Mtunzi Chipukizi Bila Kumvunja Moyo Wala Kumdanganya

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesoma hapa Dodoma aliniomba nimwelekeze namna ya kutoa maoni kuhusu hadithi ya mwenzake. Wako kumi na wawili, hutumiana simulizi fupi kwa simu kila mwisho wa juma, na zamu yake ya kuhakiki ilikuwa imefika. Alikuwa ameshaandika "Nzuri sana, hongera, tunasubiri sehemu ya pili", kisha akaona haya kuyatuma, kwa kuwa maneno hayo angeweza kuyaandika hata bila kuifungua hadithi yenyewe. Tulikaa saa mbili tukaifanya kazi hiyo pamoja. Ninayoyaeleza hapa ni yale tuliyoyafanya siku hiyo, pamoja na niliyojifunza zamani kwa kukosea mwenyewe.

Hatua ya 1: Muulize mtunzi anataka nini

Swali moja linatosha: "Hii ni rasimu ya ngapi, na ni sehemu gani inayokutia shaka?" Anayeipeleka hadithi yake kwenye shindano kesho hana muda wa kuambiwa abadilishe nafsi ya usimulizi, na aliyemaliza rasimu ya kwanza usiku wa jana hana haja ya kusahihishiwa alama za mkato.

Hatua ya 2: Soma mara mbili

Mara ya kwanza soma kama msomaji mwingine yeyote. Mara ya pili shika penseli. Mimi huichapisha hadithi kwenye karatasi katika steshenari ya jirani na kuacha pambizo pana, kwa sababu kwenye kioo cha simu kidole hukimbia kuliko jicho. Alama zangu ni tatu tu: mstari pale nilipopendezwa, alama ya kuuliza pale nilipopotea, na duara pale nilipojikuta nawaza mambo mengine, kwa mfano kama maji ya mgawo yameshatoka. Duara ndilo lenye thamani kuliko zote, maana mtunzi hawezi kujiwekea mwenyewe. Kalamu nyekundu usiiguse.

Hatua ya 3: Tenganisha kosa, udhaifu na ladha yako

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima, na nusura nipoteze na urafiki. Dada mmoja wa Nkuhungu alinitumia hadithi ya kurasa tisa kuhusu bibi anayekataa kuuza shamba lake la zabibu kule Hombolo. Bibi huyo akiingia kwa watu husema "Mbukwenyi", yaani salamu ya Kigogo, huchanganya r na l, na neno analotaka kulisisitiza hulirudia mara mbili au tatu. Nilianza asubuhi, na kufikia alasiri nilikuwa nimesahihisha sehemu arobaini na moja. "Mbukwenyi" niliigeuza kuwa "Hamjambo", matamshi nikayanyoosha, marudio nikayafuta, kisha nikamrudishia kazi yake nikisubiri shukrani. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Masahihisho nimeyaona, asante sana. Ila bibi yangu hayumo tena humu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeyasoma mazungumzo ya mhusika kama insha ya mwanafunzi. Tangu siku hiyo, kila alama niliyoiweka kwenye pambizo huipitisha kwanza kwenye mafungu matatu kabla sijaandika neno lolote.

Kosa ni lile ambalo mtunzi akionyeshwa atasema mwenyewe, "Lo, sikuliona." Mhusika anaitwa Mashaka ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tano amekuwa Masanja. Msimulizi ambaye kwingine kote anaandika Kiswahili sanifu anaandika "kitabu yangu". Humo pia yamo makosa ya mazingira, na sisi wa huku tunayaona upesi: mkulima wa Kongwa anayevuna mazao ya mvua za vuli kisha akangoja mvua za masika, ilhali huku tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili; hadithi ya mwaka 2010 inayotaja "Jiji la Dodoma", wakati hadhi ya jiji ilitolewa Aprili 2018; au msafiri wa mwaka 2015 anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024. Hakikisha kwanza kabla ya kusahihisha. Kumbuka vilevile kwamba jambo lisilo sahihi likitoka kinywani mwa mhusika huenda ni ujinga wa mhusika, na mtunzi ameukusudia.

Tahadhari kuhusu lugha ni kubwa zaidi. Lugha ya msimulizi ipime kwa usanifu, lakini ya mhusika ipime kwa mhusika mwenyewe: je, mtu wa umri huu, wa kijiji hiki, angesema hivi? Na kama hadithi imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, msimulizi naye ni mhusika, kwa hiyo usikimbilie kumnyoosha. Ukiwa na shaka, andika "Umekusudia?" na uishie hapo. Kosa likijirudia, lionyeshe mara mbili, kisha sema kwamba limejirudia. Kumsahihishia mtu yote arobaini na moja ni kumnyang'anya kazi yake.

Udhaifu hauvunji kanuni yoyote, ila unamchosha msomaji. Kurasa mbili za mibuyu na vumbi kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa ni udhaifu. Ushahidi wako ni zile duara, lakini nao una mashaka yake: huenda wewe ndiye uliyekuwa umechoka. Soma ukurasa huo tena asubuhi. Duara likibaki palepale, litaje.

Ladha ni yako peke yako. Mimi sipendi hadithi ambayo mwishoni mhusika anazinduka na kumbe ilikuwa ndoto, na hadithi za mapenzi hunichosha mapema. Ninaposhindwa kujizuia, huandika waziwazi: "Mimi si msomaji mzuri wa aina hii, kwa hiyo lipime." Ikiwa hadithi nzima haikuingii, omba mwenzako achukue zamu hiyo.

Hatua ya 4: Andika mahali, tukio, na lililokutokea

Kijana wangu aliandika kwanza: "Wahusika hawajajengwa vizuri." Sentensi hiyo yafaa kwa hadithi yoyote, kwa hiyo haimfai mtunzi yeyote. Nilimwuliza ni wapi hasa alipoanza kuhisi hivyo. Baada ya kupekua karatasi aliandika: "Ukurasa wa pili Mashaka anaapa kwamba hatampa kaka yake hata senti. Ukurasa wa tatu anamkopesha fedha zote za mbegu. Sikuona kilichombadilisha, nikarudi nyuma nikidhani nimeruka aya." Usimwandikie mtunzi tukio la kuziba pengo hilo. Nilishawahi kufanya hivyo pia, na hadithi iliyotoka ilikuwa yangu kwa jina la mtu mwingine.

Hatua ya 5: Sifa nazo zitajiwe mahali

Rudi kwenye ile mistari ya penseli na utaje angalau miwili. "Pale bibi anapozihesabu zabibu kwa vidole badala ya kumjibu mnunuzi" ni sifa. "Una kipaji" si sifa.

Hatua ya 6: Tuma kwa maandishi

Nusu ukurasa unatosha, na umpelekee mtunzi mwenyewe kwanza kabla wenzenu hawajayaona. Usitume ujumbe wa sauti: hakuna anayerekebisha aya huku akirudisha nyuma dakika saba za mtu anayekohoa barabarani. Akikataa ushauri wako, usibishane naye.

Kijana yule alituma maoni yake Jumapili usiku. Mtunzi alijibu baada ya robo saa, akitaka kujua duara la pili lilianzia mstari gani hasa.