Kumfundisha mtoto mdogo kupitia anachokipenda

Mtoto wa miaka miwili aliyechelewa kuongea halishiki neno kwa kuwa mtu mzima ameliona muhimu. Hushika lile linalompa kitu anachokitaka sasa hivi. Kwa hiyo kabla ya kuandaa vifaa vyovyote, mtazame.

Tenga dakika kumi hivi, mara kadhaa ndani ya siku tatu au nne, katika nyakati tofauti: akila, akioga, akivaa, akiwa nje. Usimwelekeze wala kumuuliza kitu. Andika anachokirudia na anachokikimbilia bila kuitwa, na uandike kitendo, si kifaa. "Anapenda gari" haitoshi. "Anapindua gari na kuzungusha gurudumu" inakuonyesha kuwa kinachomvuta ni mzunguko, basi hata kifuniko cha sufuria kitafaa. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo huenda akaonyesha kwa dalili ndogo tu: kukodoa macho, kutulia ghafla, kurusha miguu. Anayeshinda naye kutwa ndiye anayezijua, muulize.

Kisha chagua lengo moja na ulipachike kwenye shughuli ambayo ingefanyika tu. Tuseme anapenda maji yakimwagika, na lengo ni kuomba. Wakati wa kuoga mmwagie kikombe kimoja mikononi. Inua cha pili, simama hapo, mtazame usoni, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akikutazama, akinyoosha mkono au akitoa sauti yoyote, mwaga papo hapo ukisema "maji!" Asipojibu, sema neno na umwage vilevile, usimwache akalia. Mara tano au sita kwa kuoga kumoja zatosha.

Ishara ikishakuwa rahisi kwake, subiri sauti, baadaye neno. Akisema "maji", wewe sema "mwaga maji": ongeza neno moja juu ya lake, bila kumdai arudie. Kikombe hichohicho kitafundisha pia kushika kwa mikono miwili, "kimejaa" na "yameisha", na kupokezana zamu. Usimwache mtoto peke yake kwenye beseni hata kwa nukta moja.

Kosa la kawaida kuliko yote ni haraka: mtu mzima husubiri sekunde mbili, kisha hujibu mwenyewe. Linalofuata ni maswali mfululizo ya "hii nini?", yanayogeuza mchezo kuwa mtihani. Baya zaidi ni kukifanya anachokipenda kuwa mateka: "kaa kwanza, ndipo nikupe gari." Hapo gari limekuwa ujira, na somo limebaki palepale lilipokuwa, nje ya hamu yake.

Anayepanga vitu mstari siku nzima asikatazwe. Kaa na vitu hivyo wewe, umpe kimoja kimoja anapoomba; ukishakubalika, weka kimoja kwa zamu yako. Akikusukuma mkono, rudi kwenye kumpa tu.

Kila siku andika mara ngapi ameanza yeye mwenyewe, bila kusaidiwa. Wiki mbili zikipita bila badiliko, hatua uliyoidai pengine ni kubwa mno, ipunguze. Au hamu yenyewe imehama, jambo la kawaida katika umri huu, nawe unaendelea kumwaga maji kwa mtoto ambaye sasa anatazama kivuli chake ukutani.