Mwanza hadi Mtwara kwa Ndege: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukata Tiketi

Ukipima angani kwa mstari ulionyooka, uwanja wa Mwanza na wa Mtwara vimeachana kilomita 1,190 hivi. Kwa barabara kupitia Dar es Salaam zinakaribia 1,700, na kwa basi hizo ni siku mbili. Abiria wa ndege naye kwa kawaida huunganisha Dar, na wengi huona kama wanazungushwa. Hawazungushwi. Mwanza hadi Dar ni kilomita 850, Dar hadi Mtwara 400. Nyongeza ni 60 tu. Hewani utakaa saa mbili na nusu hadi tatu kwa jumla, kutegemea kama umepanda ndege ya jeti au ya mapangaboi. Muda unaopotea ni ule wa kusubiri Dar, kwa hiyo huo ndio wa kupangia.

Anza na ndege ya Mtwara. Safari za huko ni chache kuliko za Mwanza, hivyo tafuta kwanza kiti cha Dar–Mtwara, kisha urudi nyuma kutafuta ndege ya Mwanza itakayokufikisha Dar mapema. Ukifanya kinyume, unaweza kujikuta unalala Dar kwa gharama yako. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, wahi zaidi.

Linalofuata ni tiketi yenyewe, na hapa naomba usome kwa makini. Ikiwa safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa shirika ndilo litakalokutafutia nafasi nyingine. Ukikata tiketi mbili tofauti kwa sababu ya unafuu wa bei, ukiachwa umeachwa. Acha angalau saa nne katikati. Pale kaunta ya Mwanza, tazama lebo wanayofunga kwenye begi lako: iandikwe MYW, yaani Mtwara. Ikiishia DAR, begi utalichukua mwenyewe Dar na kulipeleka tena kaunta. Uliza pia ndege ya pili inaondokea jengo lipi, maana majengo ya abiria ya Julius Nyerere hayako pamoja.

Saa za kwenye tiketi ni za mfumo wa saa 24. 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi; 13:00 ni saa saba mchana. Ukimkatia mzazi tiketi, mwandikie saa kwa Kiswahili kwenye ujumbe wa simu, tena umtajie saa ya kufika uwanjani, siyo ya ndege kuruka.

Wanaopeleka sato au sangara kwa ndugu: wagandishe mpaka wawe jiwe, wafungwe kwenye boksi lisilovuja, na uulize shirika mapema kama wanapokea. Kumbuka boksi hilo litakaa Dar saa kadhaa kwenye joto. Dawa zako, simu na kitambulisho vikae kwenye begi la mkononi.

Wakati wa mvua, radi za Ziwa Victoria hupiga sana usiku kuelekea alfajiri, na ndege ya asubuhi inaweza kusubiri anga itulie. Kama una usaili, kesi au miadi ya hospitali Mtwara, safiri siku moja kabla.